SIMU IMETUGEUZA, NASI TUMEIGEUZA

Ndugu msomaji, wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Simu ya mkononi ilikuja kwetu kama mgeni. Je, mwenyeji amepona?

Zamani, jamaa aliyefanya kazi Nairobi akitaka kutuma pesa nyumbani Homa Bay, alikwenda posta au alimpa mtu wa basi bahasha. Bahasha nyingine zilifika nyepesi!

Mwaka wa 2005, majaribio ya M-Pesa yalianza Nairobi na Thika. Nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao midogo kwa simu. Lakini wananchi hawakungoja kufundishwa. Walianza kutumiana hela wao kwa wao. Safaricom walipoizindua Machi 2007, waliinadi kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kumbe mtumiaji naye ni fundi!

Simu nayo ikatugeuza. Leo pale Mbita, mchuuzi wa omena hulipa ufuoni bila kubeba noti. Michango ya matanga huingia jioni moja kutoka kila pembe ya nchi. Isitoshe, hata wezi wamegeuka: badala ya kuvunja mlango, wanapiga simu.

Hayo yalitupata. Baba, anayeuza viatu mjini Migori, alimtumia nyanya shilingi 3,000 za godoro na matumizi yangu ya shule. Kesho yake nyanya akapata ujumbe, eti amepokea 3,000 nyingine. Mara simu ikalia. Mwanamume analia: "Mama, nimekosea namba! Mtoto yuko hospitali, nirudishie." Nyanya kwa huruma akatuma. Tulipoangalia salio, lo! Hakuna kilichokuwa kimeingia. Ujumbe ule ulitoka kwa namba ya mtu tu. Nilirudi shule nikiwa nimechelewa wiki mbili.

Tangu hapo nyanya ana sheria, na akina mama wa chama chake wameishika. Kwanza, angalia salio, usiamini ujumbe. Pili, usirudishe pesa kwa haraka. Aliyekosea kweli ataiomba kampuni imrudishie. Tatu, namba ya siri haimwi hata mjukuu.

"Nyakwara," aliniambia, "pesa ya kweli haiogopi kungoja."

Basi wenzangu, walioiunda simu hawakumjua nyanya, lakini ni nyanya anayeamua itatumikaje nyumbani kwake. Mgeni kweli amekuja. Kupona ni juu ya mwenyeji.