Riwaya ya bure yazaa mamilioni: Nani aliyekula faida?

KWA kawaida, kitu kinachogawiwa bure sokoni hakihesabiwi kuwa bidhaa. Lakini riwaya ya kwanza ya mwanamke mmoja wa Texas, Marekani, iliyoanza kuandikwa kwenye simu ya mkononi mwaka 2013 bila msomaji kutozwa hata senti moja, ilizaa mkataba wa vitabu wa tarakimu sita za dola na filamu tano. Kampuni iliyoisambaza filamu ya kwanza iliishia katika kesi ya ulaghai iliyogusa fedha za wawekezaji wa mfuko unaouza hisa zake katika Soko la Hisa la New York.

Riwaya yenyewe ni After na mwandishi wake ni Anna Todd. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mke wa askari, akiishi karibu na kambi ya jeshi ya Fort Hood, na hakuwa na jina lolote katika fani ya uandishi. Alikuwa msomaji wa Wattpad, mtandao wa kijamii wa watu wanaoandika na kusoma hadithi, ulioanzishwa mwaka 2006 mjini Toronto, Canada. Hadithi alizozipenda zilipokuwa zikichelewa kuendelezwa, akaanza kuandika ya kwake.

Hadithi ilikuwa ya mapenzi: msichana mtulivu anaingia chuo kikuu na kukutana na kijana jeuri, wanapendana, wanagombana, wanaachana na kurudiana. Kijana huyo alipewa jina na sura ya Harry Styles, mwimbaji wa kundi la One Direction la Uingereza, ambalo wasichana wa nchi nyingi walikuwa wakilishabikia kupita kiasi. Todd mwenyewe hakutumia jina lake. Alijiita imaginator1D, akawa anaweka sura mpya mtandaoni karibu kila siku.

Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo pa kupaangalia kwa makini. Jina la Styles lilifanya kazi ya tangazo ambalo halikulipiwa. Mamilioni ya wasichana walikuwa tayari wanalitafuta jina hilo, na kila aliyelitafuta aliweza kuikuta hadithi. Ni sawa na muuza vitumbua anayeweka meza yake mbele ya uwanja wa mpira siku ya mechi kubwa: umati umeletwa na mwingine, yeye anauza vitumbua tu.

Mtindo wa kuuza hadithi vipande vipande si mgeni. Charles Dickens aliuza The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1836 na 1837, shilingi moja kwa sehemu, na mauzo yakapanda kutoka mamia machache ya nakala hadi takriban 40,000. Wasomaji wa Dar es Salaam nao wanakumbuka magazeti ya wiki yaliyonunuliwa kwa ajili ya hadithi ya mfululizo, habari nyingine zikasomwa baadaye au zisisomwe kabisa. Tofauti ya Wattpad ni kasi ya majibu. Msomaji wa gazeti alisubiri wiki nzima na hakuwa na njia nyepesi ya kumwambia mwandishi kwamba sura ya jana imemchosha. Msomaji wa Todd aliandika maoni yake palepale, na mwandishi akayasoma kabla hajaandika sura ya kesho. Makampuni hulipa fedha nyingi kupata utafiti wa soko wa namna hiyo.

Bilioni moja ya nini?

Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba After imesomwa zaidi ya mara bilioni moja. Takwimu hiyo ndiyo iliyopamba vichwa vya habari, na ndiyo iliyotumika kuiuza riwaya kwa wachapishaji na watengeneza filamu. Hata hivyo, mwekezaji anayejua kusoma mizania lazima aulize: bilioni moja ya nini?

Mtandao ulihesabu kila sura iliyofunguliwa. Hadithi nzima ilikuwa na takriban sura 300. Kwa hiyo msomaji mmoja aliyeanza mwanzo na kufika mwisho aliandikwa kama mara 300. Gawanya bilioni moja kwa 300 unapata wasomaji kama milioni tatu na laki tatu waliomaliza, ingawa kwa kweli hesabu hiyo ilichanganya walioacha njiani na waliorudia. Milioni tatu bado ni soko kubwa ambalo mwandishi mpya hawezi hata kuliota. Lakini si bilioni moja, na wala si wanunuzi. Ni watu waliozoea kupata bure.

Kampuni ya Simon & Schuster, kupitia tawi lake la Gallery Books, iliamua kwamba sehemu ya umati huo ingekubali kulipa. Ilisaini mkataba wa vitabu vinne na kutoa cha kwanza Oktoba 2014. Jina la Harry likaondolewa na kijana akaitwa Hardin Scott. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kibiashara, kwani kuuza kitabu kinachomweka mtu aliye hai, tena tajiri mwenye mawakili, katika vitanda vya watu wasiokuwepo ni kualika kesi. Matoleo ya bure yaliendelea kubaki mtandaoni, jambo ambalo wachapishaji wa zamani wangeliita wazimu.

Mwandishi anapata nini katika mkataba kama huo? Kwa kitabu cha jalada jepesi, mrabaha wa kawaida Marekani ni kama asilimia 7.5 ya bei iliyochapwa. Kitabu cha dola 16 kinampa dola 1.20, na wakala huchukua asilimia 15 ya hizo, kwa hiyo inabaki dola 1.02. Kama amepewa malipo ya awali ya dola 100,000, tuseme, nakala zaidi ya 83,000 lazima ziuzwe kabla hajaona senti nyingine, kwa sababu malipo ya awali ni mrabaha uliotangulizwa, si zawadi.

Njia ya pili ni kujichapishia. Amazon inatoa asilimia 70 kwa kitabu cha kielektroniki kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99. Kitabu cha dola 4.99 kinamwachia mwandishi karibu dola 3.49, mara tatu ya kile cha karatasi. Ndivyo alivyoanza Colleen Hoover, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, pia wa Texas, aliyejitolea riwaya yake ya kwanza, Slammed, Januari 2012. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameshachukuliwa na kampuni kubwa ya kuchapisha. Riwaya yake nyingine, It Ends With Us, ilitoka 2016 na kuuzwa kiasi, kisha miaka mitano baadaye wasomaji wa TikTok wakaanza kujirekodi wakilia juu yake, ikapanda hadi kileleni. Wauza maduka wanajua bidhaa iliyokaa rafuni miaka mitano kwa kawaida huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa vitabu, imeonekana sivyo.

Filamu na fedha za watu

Studio ya Paramount ilinunua haki za filamu ya After mwaka 2014 lakini haikuitengeneza, na haki hizo zikahamia kwa watengenezaji wengine. Filamu ilitoka Aprili 2019. Iligharimu takriban dola milioni 14 na kuingiza kama milioni 69.7 duniani kote. Kati ya hizo, Marekani na Canada zilitoa milioni 12 tu na zaidi ya milioni 57 zilitoka nchi nyingine, ambako umati wa Wattpad ulikuwa umetapakaa. Ieleweke kwamba karibu nusu ya mapato ya namna hiyo hubaki kwa wenye majumba ya sinema, hivyo anayetoa 14 katika 69 na kusema faida ni 55 anajidanganya.

Msambazaji wa filamu hiyo nchini Marekani alikuwa kampuni ya Aviron. Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoingia, pengine bila habari. Mfuko wa BlackRock Multi-Sector Income Trust, ambao mtu yeyote mwenye akiba kidogo aliweza kununua hisa zake sokoni, ulikuwa umeweka takriban dola milioni 75 katika Aviron. Ukiangalia mapato ya After tu ungesema fedha ziko mahali pazuri.

Mei 2020 aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo alishtakiwa na serikali ya Marekani. Ilielezwa kwamba aliunda kampuni hewa yenye jina linalofanana na la kampuni halali ya kununua matangazo, akapitishia humo fedha za mfuko, na sehemu yake ikaenda kununua jumba la kifahari Beverly Hills. Kibaya zaidi, alibuni mfanyakazi wa kike asiyekuwepo duniani na kutumia jina hilo kuwaandikia watu wa mfuko barua pepe za kuwatuliza. Kwa maneno mengine, naye alikuwa mtunzi wa hadithi, na wasomaji wake walikuwa watu wenye shahada za fedha. Alikiri makosa mwaka 2022.

Kesi hiyo haikumhusu Todd. Filamu zilizofuata zilisambazwa na kampuni nyingine, na ya tano ilitoka 2023. Mwenyewe aliingia katika orodha ya watayarishaji, akaanzisha kampuni yake ya Frayed Pages, na mwaka 2018 riwaya yake The Brightest Stars akaitoa bila mchapishaji mkubwa. Ni dalili kwamba alikwishafanya ile hesabu ya dola 1.02.

Wapo wasomaji waliolalamika kwamba After inawafundisha wasichana kuvumilia kijana mwenye wivu na matusi. Malalamiko hayo yana uzito, na hayakupunguza mauzo.

Wattpad nayo ilinunuliwa mwaka 2021 na Naver ya Korea Kusini kwa takriban dola milioni 600, ikiwa na watumiaji wapatao milioni 90 kwa mwezi. Waandishi walibaki na hakimiliki ya hadithi zao, lakini kuweka hadithi humo hakukumpa mtu hisa hata moja. Thamani iliyolipwa ilikuwa ya umati, na umati uliletwa na hadithi za bure.

Waandishi kadhaa wa Kiswahili wamechagua utaratibu mfupi zaidi: sehemu za mwanzo bure Facebook, zinazobaki katika kundi la WhatsApp kwa anayelipa kwa simu. Hakuna wakala, hakuna mchapishaji, fedha zinaingia siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba mnunuzi mmoja akiisambaza hadithi kwa marafiki, soko limekwisha. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, ila gharama ya kumfuata mahakamani mtu aliyesambaza hadithi ya shilingi elfu mbili inazidi bei ya hadithi yenyewe. Ndiyo maana wengi wao huanza hadithi mpya kabla ile ya zamani haijasambaa.