Unataka Kufuga Dola ya Mchanga kwa Keja Yako Hapo Tena? Soma Hii Kwanza

Ukishuka Madaraka Express ukafika Diani wakati maji yamekupwa, unaweza kumpata amejificha nusu kwa mchanga: mnyama wa mviringo, bapa kama chapati ya mtoto. Wazungu walimpa jina la dola ya mchanga juu gamba lake jeupe linafanana na sarafu. Mtandaoni kuna video za wasee wa majuu wamemweka kwa akwariamu, anateleza pole pole chini ya mchanga, na najua wewe tayari unapima ile kona ya TV na macho.

Inawezekana? Ndio, lakini ni kazi ngumu kuliko samaki wengi wa maji ya chumvi. Wacha tuongee ukweli kabla uchome ganji.

Kwanza, huyu ni nani?

Ile nyeupe yenye ua la petali tano unaona ikiuzwa kama pambo ni mifupa tu. Mwenyewe alidedi kitambo. Aliye hai huwa wa kahawia ama zambarau, na amefunikwa na miiba midogo mpaka ukimgusa anakaa velveti. Ni ndugu ya kiti cha pweza, na pia ya yule mnyama wa miiba mirefu anachomanga watu miguu wakiogelea. Kwa pwani yetu kuna aina za Echinodiscus, utazijua na mikato miwili upande wa nyuma.

Hana macho. Hutembea akisukumwa na miiba yake. Lile ua mgongoni si urembo, hapo ndio anapumulia. Mdomo uko chini katikati, na ndani kuna taya zenye meno matano. Kuna aina ya Pasifiki ambayo watoto wake humeza chembe nzito za mchanga ndio mawimbi yasiwabebe. Baadhi yao huishi miaka 6 hadi 10, na umri wao husomwa kwa miduara ya gamba, kaa vile unahesabu umri wa mti.

Noma iko kwa dishi

Samaki ukimrushia chakula, anakula, story imeisha. Dola ya mchanga hula ule utando mwembamba ulioshika kwa chembe za mchanga: mwani mdogo usioonekana na macho, bakteria na mabaki ya vitu vilivyooza. Baharini, kila maji yakijaa na kupwa, mchanga unapata dishi mpya. Kwa tenki yako, anapitia mchanga wote, anaumaliza, halafu anaanza kulala njaa.

Na hutajua. Gamba ni gumu, halikondi. Utadhani yuko fiti juu anatulia, kumbe anaisha. Ukiona miiba imeanza kudondoka na mabaka meupe yametokea, mara nyingi umeshachelewa. Hivyo ndivyo wengi hufa mikononi mwa watu: si ugonjwa, ni njaa ya pole pole.

Tenki yenyewe inataka nini?

Tuchukue tenki ya lita 200, na hiyo bado ni ya kuanzia.

1. *Mchanga.* Uwe laini, kina cha kama sentimita 10, na sehemu kubwa iwe wazi bila mawe. Usiuoshe kila wiki, huo uchafu mdogo ndio ugali wake.

2. *Chumvi.* Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Lita 200 ni kilo 7. Na si chumvi ya jikoni, ni ile ya akwariamu yenye kalisi, magnesi na madini mengine. Maji ya bore ya mtaa yanaweza kuwa na ladha ya chumvi, lakini hayo si maji ya bahari, usijidanganye. Tumia maji yaliyochujwa vizuri, juu ya mfereji yana klorini.

3. *Kubadilisha maji.* Asilimia 10 kila wiki ni mtungi mmoja wa lita 20, na gramu 700 za chumvi. Wiki yenye mfereji umekauka, wewe na mathee mtakuwa mnang'ang'ania mtungi huo huo. Maji yakipungua juu ya mvuke, ongeza maji matamu, si ya chumvi, juu chumvi hubaki ndani. Mnyama huyu hawezi kujirekebisha chumvi ikipanda ama ikishuka ghafla.

4. *Joto.* Yeye ni wa bahari ya joto, weka digrii 24 hadi 27. Usiku wa Julai Nairobi huwa baridi mbaya, so lazima hita. Hita ya wati 200 ikiwaka saa 8 kwa siku, pamoja na pampu na taa, unakula kama uniti 2 za stima. Kwa mwezi ni 60. Piga hesabu na bei ya token yako. Na stima ikipotea usiku mzima? Tafuta pampu ya hewa ya betri mapema na ufunike tenki na blanketi.

5. *Uzito.* Maji peke yake ni kilo 200, bado mchanga na kioo. Kama uko fourth floor, ongea na landi kwanza.

6. *Subira.* Tenki mpya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati. Hapo samaki mgumu anaweza kuingia. Lakini kwa dola ya mchanga, ngoja karibu mwaka, mpaka mchanga wenyewe uwe na uhai. Na usiwahi kuweka dawa ya samaki yenye shaba, itammaliza.

Usimbebe kwa mfuko

Kuna msee atasema, "Si nichukue tu moja ya bure pale bichi?" Tulia. Kwa hifadhi za bahari zinazolindwa na KWS, kama Watamu na Malindi zilizoanzishwa 1968, hakuna kuokota kitu, awe hai ama gamba. Kukusanya wanyama wa bahari wa akwariamu ni biashara ya leseni. Na huyu hupumua ndani ya maji: kila dakika ukimshika juu upige selfi, unamkaba. Kama umempata amekauka juani na miiba bado inasonga, mrudishe mahali pana maji na mchanga, taratibu.

So, ufanye aje?

Kama kweli hii maneno iko kwa damu, anza na tenki ya maji ya chumvi yenye samaki wawili wadogo wagumu. Ikae mwaka mmoja. Jifunze kupima chumvi, amonia na joto bila kuambiwa. Ukitoboa huo mwaka na stima za Eastlands, tafuta muuzaji mwenye leseni na umuulize maswali magumu: ametoka wapi, amekaa kwako siku ngapi, anakula nini? Akianza kuzunguka mbuyu, ondoka.

Na ukiona mwaka ni mrefu, hakuna aibu. Weka hiyo doo kando, panda treni, shuka bichi maji yakikupwa, chuchumaa umwangalie akijichimbia mchanga. Hapo hakuna token, hakuna mtungi, na jamaa ana mchanga wa kula mpaka achoke.