Kuongezewa Dawa za Presha na Sukari: Bima Inalipa Nini, na Mgonjwa Analipa Nini?



Ndugu zetu wasomaji, liko swali ambalo hutufikia mara kwa mara kutoka kwa ndugu zetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, hasa walio na wazazi wagonjwa. Husema: mzee wetu ana presha, na dawa zake ni zile zile miaka yote. Kwa nini kila zikiisha alipe tena pesa za kumwona daktari? Na je, SHA haimlipii?

Tumeona ni vyema kulieleza jambo hili, kwa sababu wasiopata jibu huamua wenyewe. Wako wanaomeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili ili pakiti ifike mbali, na wako wanaoacha dawa kabisa mpaka pesa zipatikane. Presha mara nyingi haina maumivu. Aliyeacha dawa hujiona mzima, na huku figo, moyo na mishipa ya ubongo inadhurika, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Gharama ya kumuuguza mtu aliyepooza ni kubwa mno kuliko ile iliyokwepwa.

Kwa nini daktari amwone tena mgonjwa?

Karatasi ya dawa ina muda wake. Daktari anapoiandika upya anatakiwa kupima presha au sukari, kuuliza kama dawa zimeleta madhara, na kuangalia kama kipimo cha dawa kinafaa bado. Figo za mzee wa miaka 70 si zile alizokuwa nazo akiwa na miaka 55, na dawa kama metformin hutegemea hali ya figo. Kwa hiyo ziara hii ina faida yake. La kujiuliza ni iwe mara ngapi, ifanyike wapi, na nani ailipe.

Gharama yenyewe ina sehemu tano: kumwona daktari, vipimo, dawa, nauli, na kazi inayopotea siku hiyo. Bima inaweza kulipa sehemu moja na kuacha nyingine. Anayesema "bima yangu inalipa" na asijue inalipa sehemu ipi, atashtukia dirishani.

SHA ina hazina tatu, na kila moja ina kazi yake

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, imechukua nafasi ya NHIF nchini Kenya, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Wengi hudhani ni mfuko mmoja. Kwa kweli ziko hazina tatu.

Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi. Pesa zake hutoka serikalini, na hulipia matibabu ya kawaida ya mgonjwa asiyelazwa, katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 vilivyo na mkataba na SHA, yaani zahanati na vituo vya afya. Sharti kwa mgonjwa ni awe amejiandikisha.

Ya pili ni SHIF, yaani Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii. Hii ndiyo inayotokana na michango yetu. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa 550, na anayepata 50,000 hukatwa 1,375. Asiyeajiriwa hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Kazi kubwa ya hazina hii ni huduma za hospitali, kama kulazwa na upasuaji.

Ya tatu ni ya dharura, na pia ya maradhi mazito ya muda mrefu pale kiwango cha SHIF kinapomalizika.

Hapa ndipo penye jibu la lile swali. Mzee mwenye presha iliyotulia, anayehitaji kupimwa na kuandikiwa dawa zile zile, mahali pake pa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akishajiandikisha, ziara hiyo inaingia katika hazina ya kwanza hata kama mchango wa SHIF haujalipwa. Akipanda matatu moja kwa moja mpaka hospitali kubwa ya kaunti kwa jambo lile lile, asitarajie kwamba hatadaiwa. Hospitali kubwa ni ya mgonjwa aliyepewa rufaa, kwa mfano presha iliyokataa kushuka kwa dawa, au sukari iliyoanza kugusa macho na miguu.

Kujiandikisha hufanywa kwa simu yoyote kwa kupiga *147#, au katika kituo chenyewe kwa msaada wa wahudumu. Beba kitambulisho. Pia wako wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Vipimo wanavyochukua nyumbani viandikwe kwenye daftari, kisha daftari liende kliniki, ili daktari aone mwezi mzima badala ya siku moja.

Ugumu uliopo ni kwamba mara nyingine kituo humwona mgonjwa bila malipo kisha dawa ikawa haipo. Ikitokea hivyo, omba karatasi ya dawa iliyoandikwa jina halisi la dawa, kama amlodipine, badala ya jina la kampuni. Mwambie mfamasia akupe ya bei nafuu iliyosajiliwa. Tofauti ya bei kati ya pakiti mbili za dawa ile ile huwa kubwa. Na piga simu kituoni kabla ya kutoka nyumbani. Nauli ya bure ni hasara pia.

Bima ya kazini

Wenye bima ya kampuni binafsi kupitia mwajiri waulize mambo manne: kiwango cha juu cha mwaka kwa matibabu ya kutolazwa ni kiasi gani, je, maradhi ya kudumu yana kiwango chake cha chini zaidi, kuna muda wa kungoja kabla ya maradhi hayo kulipiwa, na mgonjwa huchangia kiasi gani kila ziara.

Tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme kiwango cha mwaka ni 60,000, kumwona daktari ni 2,500, na dawa za mwezi ni 3,500. Anayekwenda kila mwezi hutumia 6,000, na ukifika mwezi wa kumi kiwango kimekwisha. Miezi miwili iliyobaki atalipa mfukoni. Daktari akiridhika kwamba hali imetulia na kuandika dawa za miezi mitatu, mgonjwa atamwona daktari mara nne tu: 10,000, pamoja na dawa za mwaka mzima 42,000, jumla 52,000. Mwaka unaisha na akiba ya 8,000. Muulize daktari wako na bima yako kama hilo linawezekana.

Upande wa sheria ya dini

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, iliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kujitolea. SHIF ni mfuko wa umma unaolazimishwa na sheria na haukuwekwa kwa faida ya wafanyabiashara, kwa hiyo haulingani na bima ya kibiashara. Ama aliyewekewa bima na mwajiri, hali zinatofautiana, na tunamshauri amweleze mwanachuoni anayemwamini namna mkataba wake ulivyo.

Jambo ambalo halina utata ni amana. Kumtibu jirani kwa jina lako ni udanganyifu, hata kama jirani ni masikini kweli. Vivyo hivyo, unapothibitisha huduma kwa jina lako, unashuhudia kwamba umehudumiwa. Usishuhudie huduma ambayo hukupata. Pesa inayotoka kwa ushahidi huo ni ya mgonjwa mwingine.

Na mwenye sukari au presha anayetaka kufunga Ramadhani, aipange ziara yake ya kuongezewa dawa wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuingia. Ziara ile ile moja itatosha kubadilisha saa za dawa, au kumjulisha kwamba yeye ni katika waliopewa ruhusa ya kula. Asijibadilishie dawa mwenyewe.

La kufanya msikitini

Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti wafanye mambo mawili mepesi. Kwanza, baada ya swala ya Ijumaa, vijana wakae na simu zao wawaandikishe wazee wasioweza kutumia *147#. Pili, itafutwe orodha ya nyumba zenye dhiki. Shilingi 3,600 kwa nyumba iliyokadiriwa kiwango cha chini ni mwaka mzima wa kinga ya hospitali. Sadaka inatosha kwa hilo. Ikitumiwa zaka, nyumba iwe ni ya mafukara au masikini wanaostahiki, na wenyewe waambiwe na waridhie.

Mwenye mzazi anayemeza dawa kila siku, amwulize leo zimebaki ngapi. Zikiwa chini ya wiki moja, safari ya zahanati ianze kesho.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.

Wallahu a'lam.