CD4 ya Kwenye Ngozi

Msomaji wetu mmoja anayeishi Durban ametuletea swali. Alikatwa kipande cha ngozi pajani kwa sababu ya mabaka yasiyopona, na majibu ya maabara yakaja yametaja CD3, CD4, CD7 na CD8. Akashtuka: je, wamempima VVU bila kumwuliza?

Hapana, ingawa hofu yake naielewa. Durban ndiko ulikofanyika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa UKIMWI barani Afrika, Julai 2000. Kwa miaka mingi Afrika Kusini iliitumia CD4 kuamua nani aanzishiwe dawa za VVU (ARV): mwanzoni aliye na CD4 chini ya 200, mpaka sharti hilo likaondolewa Septemba 2016. Kwenye damu, CD4 huhesabiwa. Kwenye ngozi hupakwa rangi, na anayesoma hutazama nani yuko wapi.

CD4 ni protini iliyo juu ya aina fulani ya seli za kinga. Protini kama hizi nitaziita vitambulishi. “Alama” ingetosha, ila alama hutiwa na mtu, na hivi seli huvitengeneza zenyewe.

Sasa utamu wenyewe. Kipande cha ngozi hulowekwa kwenye fomalini, dawa inayoizuia nyama isioze lakini inayozifunga protini kwa vifundo vya kikemia, vitambulishi vikafichika. Kingamwili nyingi za maabara zilishindwa kuvinasa. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake wakaonyesha kwamba kioo chenye ngozi ile kikichemshwa ndani ya maikrowevu, vifundo hulegea na vitambulishi hujitokeza. Joto, tunalolijua kwa kuharibu protini, ndilo linalozirudisha! Baada ya hapo humwagwa kingamwili, tuseme ya panya, inayoijua CD4 peke yake. Namna ya kupata kingamwili zilizo za aina moja tupu waliigundua Köhler na Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Juu ya ile ya panya hukaa kingamwili kadhaa za mbuzi zinazonasa za panya, nazo zimebeba kimeng'enya. Kimeng'enya hicho huigeuza dawa nyingine kuwa chembe za kahawia zisizoyeyuka, zikituama palepale. Kitu kidogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida kimekuwa doa.

Na madoa husomwaje? Chukua harusi ya Mombasa ambako kila ukoo umeshona sare. Ukisimama mlangoni huhitaji kumwuliza mtu jina: zambarau ni wa kwa bibi harusi, kijani ni wa kwa bwana harusi. Pumu ya ngozi ni harusi ya kawaida. Wa CD4 ni wengi, wa CD8 wamo, wamechanganyika, na karibu wote wamejitanda mitandio. Katika mikosisi fungoidesi, limfoma (saratani ya seli za kinga) ya ngozi iliyoelezwa na daktari Alibert wa Paris mwaka 1806 na isiyohusiana kabisa na kuvu, sare moja imejaa ukumbi. Wenye sare hiyo wamepanda mpaka jukwaani kwa maharusi, yaani tabaka la juu la ngozi, wamejipanga bega kwa bega, na wengi hawana mtandio. Mtandio huo ni CD7. Ukoo mzima hauvui mitandio kwa bahati. Hawa ni nakala za mmoja aliyeuvua kwanza.

Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu huweza kuja kama mabaka yaliyofifia rangi, ukadhaniwa mbalanga, choa au hata ukoma, na hapo sare iliyojaa mara nyingi ni ya CD8. CD7 hupungua pia katika magonjwa yasiyo saratani, kwa hiyo ngozi yenyewe hutazamwa, pengine hukatwa tena na jeni kupimwa.

Kwa mji kama Durban kuna jambo jingine. Mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake za damu zimeshuka sana, ngozi yake huweza kuvamiwa na seli za CD8 hadi ikafanana na limfoma. Mara nyingi kipimo cha jeni huonyesha kwamba zimetoka kwa wengi, si kwa mmoja, na wapo wagonjwa waliopata nafuu kwa ARV tu. Ndiyo maana fomu inayopelekwa maabara pamoja na kipande cha ngozi inapaswa kueleza hali ya VVU ya mgonjwa, kwa ridhaa yake, na CD4 yake ya damu, kabla mtaalamu wa patholojia hajaandika neno saratani.