Nani Amlipa Mshauri wa Mtoto Wako?

Ukitelemka kilima cha Mbuya, yalipo makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, huchukui muda kabla ya kuingia Bugolobi. Hapo, katika kibanda cha chai karibu na soko, ndipo tulipomkuta koplo mmoja amevaa nguo za kiraia, simu mkononi, uso umemkunjamana kama mtu aliyenyimwa likizo. Jina lake tutalihifadhi. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani wa Kidato cha Sita, na jambo lililostahili kuwa furaha ya nyumba nzima lilikuwa limekwisha kuwa mzigo.

Koplo huyo alikuwa amejiunga na kundi la ushauri katika simu, lenye mamia ya wazazi wanaowatafutia watoto wao nafasi za vyuo vikuu. Kuingia humo hakukuwa na malipo. Msimamizi alijibu upesi, usiku na mchana, na kila jibu lilielekea mlango mmoja: chuo fulani cha binafsi, amana ilipwe wiki hii, nafasi zinakwisha. Koplo alipouliza kwa adabu kama binti yake hawezi kupata nafasi ya serikali, au mkopo, alijibiwa mbele ya wote kwamba hapo si uwanja wa gwaride, na asiye na fedha asiwapotezee wenziwe wakati. Wengine wakacheka. Tangu siku ile hakuuliza tena. Akakopa, akalipa amana.

Baadaye ndipo alipopata kujua kwamba msimamizi hulipwa na chuo kile kwa kila kichwa anachokipeleka.

Isidhaniwe kwamba twalaumu chuo kutafuta wanafunzi. Hata jeshi hutangaza nafasi zake. Kosa ni kuficha mkono unaolipa. Na ule ukali wa maneno, kwa maoni yetu, haukuwa utovu wa adabu mtupu, bali ulikuwa na kazi yake. Mzazi aliyeaibishwa haulizi swali la pili, na swali la pili ndilo liwezalo kuharibu biashara. Sisi askari tu wepesi mno wa kunaswa na mtego huu, kwani tumezoezwa kunyamaza mbele ya mwenye sauti kali.

Laiti koplo angeendelea kuuliza, angeelezwa mambo ambayo si siri hata kidogo. Serikali ya Uganda imekuwa ikigharimia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Robo tatu ya nafasi hizo hutolewa kwa alama kitaifa. Zinazobaki hugawanywa kwa wilaya, kwa wenye ulemavu na kwa wanamichezo. Alama zenyewe hazijumlishwi kama mshahara na posho. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, somo la lazima kwa kozi inayoombwa huzidishwa mara 3, somo linalohusiana mara 2, na lisilohusika kabisa hupewa nusu. B ni pointi 5. Basi B hiyo katika somo la lazima huwa 15, na katika somo lisilohusika huwa 2.5. Mtoto mmoja, cheti kimoja, lakini akibadili kozi anayoiomba hugeuka mtu mwingine kabisa mbele ya bodi ya udahili. Hili ndilo jambo ambalo mshauri mwaminifu huanza nalo, na ambalo msimamizi yule hakulitaja hata mara moja.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hulipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na gharama za utafiti, wala hailipi chakula na malazi, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Mzazi ajuaye hayo hutafuta fedha ya kitanda na sahani, hatafuti fedha ya chuo kizima.

Kabla ya 1992 hesabu hizi hazikuwasumbua wengi, kwa kuwa aliyeingia Makerere aliingia kwa gharama ya serikali. Mlango wa wanaojilipia ulipofunguliwa, ushauri nao ukapata bei. Wala si kwetu tu. Nchini Marekani, Machi 2019, watu 50 walishtakiwa katika kesi ya mshauri mmoja, William Singer, aliyekusanya zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa wazazi matajiri ili watoto wao waingizwe vyuoni kwa hila. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu, waliowahi kushika barua bandia ya udahili, hawahitaji mfano wa mbali.

Bugolobi hiyohiyo tulionyeshwa kundi la namna nyingine. Lina wake wa askari, polisi kadhaa na walimu wawili. Kila mmoja huchanga shilingi 2,000 kwa mwezi, na mchango huo ndio umlipao mwalimu anayejibu maswali. Jambo hilo limeandikwa juu kabisa, kila aingiaye alione. Kasoro zao wanazo: mwalimu hujibu jioni tu, akisha kufundisha, na mara moja walitoa tarehe isiyo sahihi, wakaisahihisha kesho yake kwa kuomba radhi. Lakini tulisoma wenyewe jinsi sajini mmoja wa polisi, aliyetoka zamu ya usiku, alivyouliza swali moja mara ya tatu, na mara ya tatu akaelezwa taratibu, pasipo mtu kumcheka.

Amana ya koplo haikurudishwa. Binti yake anatayarisha maombi ya mkopo kwa mwaka ujao, na baba amehamia kundi la shilingi 2,000. Siku ya kwanza alikaa kimya. Siku ya pili, saa nne asubuhi, akaandika: “Samahanini, ile B ya Kemia, kwa kozi ya uuguzi, yahesabiwa ngapi?”

Jibu lilimfikia jioni. Kumi na tano.