Mwalimu usiye na ajira, wanafunzi wako wako ghalani

MKULIMA wa korosho mkoani Mtwara akifikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi, kazi ya kwanza ni mizani na ya pili ni karatasi. Karatasi hiyo ina jina lake, uzito, daraja la korosho na tarehe. Baada ya mnada ndiyo inayogeuka kuwa fedha katika akaunti yake ya benki, makato yakiwa yamekwisha kutolewa. Mkulima asiyejua kusoma huweka dole gumba, akamwachia Mungu na karani.

Upande wa pili, katika Kata ya Chuno na kata nyingine za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, wapo vijana wenye vyeti vya ualimu, stashahada na hata shahada, ambao wanasubiri ajira mwaka wa tatu, wa nne au wa tano. Mkulima na mwalimu huyo wanapishana barabarani kila siku, na hakuna anayemwona mwenzake kuwa mteja.

Miaka ya nyuma, mwalimu alikuwa akimaliza chuo anapangiwa kituo na kupanda basi kwenda kuripoti. Hali hiyo imebadilika. Sasa maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao kwenye Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hufanya usaili. Katika usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zipatazo 14,600. Kwa hesabu ya haraka, ni watu wapatao 14 wanaogombea kiti kimoja.

Hiyo haina maana kwamba mwalimu aache kuomba. Aombe kila tangazo linapotoka, na ahakikishe jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa ni moja. Likitofautiana, atafute mapema hati ya kisheria ya kurekebisha jina, asingoje hadi siku ya mwisho ya tangazo. Barua ya maombi aiandike mwenyewe. Inashangaza kuona mhitimu wa ualimu wa Kiswahili akimlipa mtu wa stesheni amwandikie barua ya kuomba kazi ya kufundisha wengine kuandika.

Njia nyingine zipo, ingawa ni nyembamba. Shule binafsi huajiri zenyewe, na mara nyingi hutaka masomo ya sayansi na Kiingereza. Shule za umma huwachukua walimu wa kujitolea kwa posho ndogo. Mwenye Kiswahili kizuri anaweza kupata mafunzo ya kufundisha wageni kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Lakini ipo kazi nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani, nayo ni ya zamani.

Posho ya shilingi 30

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo, kwa takwimu za 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki 10 hivi. Ni kazi ambayo nchi nyingi ziliitamani.

Nani alifundisha? Walimu wa shule za msingi walikuwemo, lakini wengi walikuwa wanavijiji wa kawaida, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba. Kifuta jasho chao kilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Hata kwa fedha ya wakati ule haukuwa mshahara, na posho iliposuasua, madarasa mengi ya kisomo nayo yalilala. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wenye miaka 15 na kuendelea hakujua kusoma na kuandika.

Kuna jambo jingine la enzi hizo linalomfaa mwalimu wa leo. Katika mradi uliofanyika Kanda ya Ziwa kuanzia 1968 kwa msaada wa UNESCO, vitabu vya kisomo vilitungwa kufuata kazi ya watu: cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha migomba, cha uvuvi, cha ng'ombe. Mtu alijifunza herufi huku akisoma habari ya shamba lake. Kwa Mtwara, somo la kwanza halihitaji kuwa "baba, mama, kaka". Linaweza kuwa kilo, gunia, salfa, daraja, mnada.

Jina kwanza

Anayeanza na mtu mzima aanze na jina lake, tena lile lililo kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kabla ya kulipwa, na malipo yalipitia benki. Katika malipo ya aina hiyo, Mohamedi mmoja akiandikwa Muhamadi pengine, shida inaanza. Mkulima anayeweza kulisoma jina lake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani huligundua kosa siku hiyohiyo.

Baada ya jina, tarakimu. Mama anayeuza samaki sokoni anajua hesabu ya fedha kuliko mwalimu wake. Anachokosa ni kuiweka kwenye daftari, nani anadaiwa na kiasi gani. Huyo asirudishwe kwenye kuhesabu vijiti.

Mwalimu asisahau pia kuuliza kama mwanafunzi amepita chuoni kwa maalimu. Katika mwambao huu wapo wazee wanaosoma herufi za Kiarabu, na wengine huandika Kiswahili kwa herufi hizo bila taabu. Mtu wa namna hiyo anajua tayari kuwa alama hubeba sauti. Anachohitaji ni herufi nyingine, na kuzoea kuandika kutoka kushoto. Kumwita mbumbumbu ni kumpoteza siku ya kwanza.

Na macho. Watu wengi wakishapita miaka 40 hawaoni vizuri maandishi ya karibu. Wapo wanaodhaniwa wagumu wa kuelewa, kumbe wanahitaji miwani ya kusomea. Mwalimu aandike kwa herufi kubwa, akae kwenye mwanga, na asifanye darasa usiku kwa taa hafifu kwa sababu tu mahali ni pa bure.

Hesabu ya mfukoni

Sasa fedha. Tuchukue mfano wa darasa la watu 12, kila mmoja akilipa shilingi 2,000 kwa wiki kwa vipindi vitatu. Kwa wiki ni shilingi 24,000, na kwa wiki 12 ni shilingi 288,000 ikiwa hakuna aliyeacha wala kukopa. Ubao, chaki, madaftari na penseli vitoke humo. Haifiki mshahara wa mwalimu wa serikali, na anayesema itafika anadanganya. Madarasa mawili au matatu yanayopishana saa, pamoja na twisheni ya watoto na bustani ya mboga, ndiyo huanza kuleta maana.

Soko linalolipa vizuri zaidi ni la vikundi. Kikundi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kinatakiwa kiwe na katiba, mihtasari ya vikao na andiko la mradi. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinabanwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inayotaka visajiliwe. Vingi hutafuta mtu wa kuviandikia. Anaandika, analipwa, anaondoka, na siku ofisa wa maendeleo ya jamii akiuliza faida ya mradi imepigwaje, wanakikundi wanatazamana.

Hapo ndipo penye mtego kwa mwalimu mwenyewe. Kumwandikia mtu na kumfundisha mtu kuandika ni biashara mbili tofauti, na ya kwanza inalipa haraka. Mwandishi wa barua hapendi mteja wake ajue kuandika. Mwalimu anayefanya zote mbili aseme waziwazi leo anauza ipi, na kwa kikundi ni afadhali akubaliane kumfundisha katibu na watu wengine wawili hadi waandike muhtasari wenyewe, kisha alipwe kwa kazi hiyo.

Suala la uaminifu lisichukuliwe kwa wepesi. Mtu asiyejua kusoma akimpata mwalimu, humletea kila karatasi ya nyumbani: ya benki, ya mahakama ya mwanzo, ya mauziano ya shamba. Wengine humpa kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Asipokee. Amfundishe mwenyewe kuibonyeza na kuificha. Fedha ikipotea hata kwa sababu nyingine, mwalimu atakuwa wa kwanza kutajwa, na darasa litakufa mtaa mzima.

Kabla ya kuanza, apite kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa Afisa Elimu Kata. Halmashauri ina ofisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975, hufundisha wanaotaka kuifanya kazi hii kwa undani. Mahali pa darasa pasiwe panapomfedhehesha mtu. Baba mwenye wajukuu hapendi kukalia dawati la darasa la kwanza huku watoto wakimchungulia dirishani. Baraza la nyumba linatosha. Akina mama wengi hupata nafasi alasiri, na mwezi wa Ramadhani ratiba ipangwe upya.

Kalenda ya mikorosho nayo iheshimiwe. Wakati wa palizi hakuna atakayekuja. Salfa huanza kupulizwa kuanzia Mei au Juni, na mavuno hushika kasi Septemba na Oktoba. Darasa linaloanza masika yakikatika linaweza kumaliza Agosti, mwanafunzi akaenda mizani na maarifa mapya kichwani. Lakini katikati ya mwaka mkulima hana fedha. Walimu wapokee kidogo mwanzoni na salio baada ya mnada, kwa makubaliano ya maandishi, nakala mbili, yaliyosomwa kwa sauti mbele ya shahidi. Na kwa kuwa salio hilo huenda likafika Novemba au baadaye, mwalimu ajue mapema atakula nini Julai.