Chanjo na uvumi Kivu ya Kaskazini: kusema «ni bongo» peke yake hakutoshi

Sauti ya dakika mbili inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, usiku. Mwenye kusema hajitaji jina. Anadai kwamba chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa: jirani yake alipigwa sindano Jumatatu, na leo yuko hospitalini. Hakuna tarehe, hakuna jina la mtaa. Kufika asubuhi, sauti hiyo imekwisha kupita kutoka Beni hadi Butembo, na kutoka Butembo hadi Goma.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanazijua sauti za namna hiyo tangu mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina. Ulipomalizika, tarehe 25 Juni 2020, visa 3,470 vilikuwa vimehesabiwa, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mwanzoni kabisa, Septemba 2018, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo wanafikiri nini. Mmoja kati ya wanne alijibu kwamba Ebola haiko. Na asiyeamini kwamba ugonjwa uko hakuwa mwepesi wa kukubali chanjo.

Wa kujibu hawakukosekana. Mwaka huo huo wa 2018 waandishi wa habari wa Kongo walianzisha Congo Check, kazi yake kupima habari zinazozunguka mitandaoni. Radio za mitaa zilifungua vipindi vya maswali. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika kila wanachosikia, hata matusi. Kupima picha hakuna uchawi: unaitafuta kwenye intaneti ilionekana wapi mara ya kwanza, na mara nyingi unakuta ni ya nchi nyingine, ya mwaka mwingine. Sauti ni ngumu zaidi. Haina uso, na inasema kwa lugha ya nyumbani, Kinande au Kiswahili cha kwetu, wakati matangazo mengi ya afya yalikuja kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabu.

Tena kuna jambo ambalo wapinga uvumi walijifunza polepole: uongo unaodumu huwa umeshika kipande cha ukweli mkononi. Ukiukanusha wote kwa pamoja, mtu anayekijua kile kipande anakuona wewe ndiye mwongo.

Chukua ile sauti ya jirani aliyechanjwa na kuugua. Inawezekana ni kweli aliugua. Chanjo iliyotumiwa, Ervebo, haina virusi vya Ebola ndani. Ina kirusi kingine cha wanyama kilichobadilishwa na kuvalishwa kipande kimoja cha nje cha Ebola, ili mwili ujifunze kukitambua adui. Lakini inaweza kuleta homa, maumivu ya kichwa na ya viungo kwa siku moja au mbili, na homa na maumivu ndiyo dalili za kwanza za Ebola yenyewe. Jambo la pili ni zito zaidi. Waliotangulia kuchanjwa, pamoja na watumishi wa afya, ni wale waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao. Wengine walikuwa wamekwisha kuambukizwa wakati sindano inaingia, na kinga inahitaji kama siku 10 kujengeka.

Aprili 2019, OMS na taasisi ya utafiti ya Kinshasa, INRB, walitoa hesabu. Kati ya watu karibu 94,000 waliochanjwa, 71 walipata Ebola. Kati ya hao, 56 walianza kuugua kabla ya siku 10 kutimia. Ufanisi wa chanjo ulikadiriwa kuwa asilimia 97.5. Hesabu hiyo inaeleza mengi kuliko neno «uongo» lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya picha, kwa sababu inamkubalia msikilizaji kile alichokiona kwa macho yake.

Uvumi wa utasa nao ulikuwa na mahali pa kushika. Miezi ya kwanza, wajawazito na mama wanaonyonyesha hawakuruhusiwa kuchanjwa. Kama dawa ni nzuri, mbona wanaikataza kwa mama mwenye mimba? Swali la haki. Jibu ni kwamba chanjo ilikuwa bado haijapata kibali kamili, ilitolewa kwa mpango wa utafiti, na takwimu za usalama kwa wajawazito zilikuwa chache. Wataalamu wa OMS walishauri waruhusiwe Februari 2019. Uwanjani mlango ulifunguliwa kwao Juni. Kwa miezi hiyo yote, anayetaka kueneza habari ya utasa hakuhitaji kubuni mengi.

Halafu pesa. Magari mapya, mahoteli yaliyojaa, mishahara ya watu wa «Riposte» katika eneo ambako mauaji ya raia yalikuwa yakiendelea tangu Oktoba 2014 bila msaada wa namna hiyo kuonekana. Wengi walisema Ebola ni biashara. Machi 2020, aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, alihukumiwa miaka mitano kwa kutumia vibaya zaidi ya dola 400,000 za kupambana na Ebola. Yeye alikana mashtaka. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono wakati wa mlipuko huo, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na OMS. Ongeza Desemba 2018, wakaaji wa Beni na Butembo walipoambiwa hawatapiga kura ya rais pamoja na wenzao, Ebola ikitajwa kama mojawapo ya sababu. Kesho yake kituo cha afya kilishambuliwa huko Beni.

Hakuna kati ya mambo hayo linalothibitisha kwamba virusi vilitengenezwa. Wizi wa pesa za ugonjwa si ushahidi kwamba ugonjwa haupo. Lakini anayejibu uvumi akiruka mambo hayo, wasikilizaji wanazima radio.

Na kazi hiyo imegharimu uhai. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Novemba mwaka huo, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa radio ya Lwemba huko Ituri, aliuawa nyumbani kwake baada ya kuongoza kipindi kuhusu Ebola.

Covid-19 ilipokuja, wimbo ulikuwa ule ule, safari hii kwa neno moja: makobayi. Aprili 2020, Profesa Jean-Jacques Muyembe alisema Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo. Hasira ilipanda mpaka akalazimika kueleza kwamba Wakongomani hawatakuwa wa kwanza kujaribiwa. Mwaka uliofuata, kati ya dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilizofika, karibu milioni 1.3 zilipelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika.

Neno hilo lilirudi na mpox. Chanjo dhidi yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark, ilianza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Anayeuliza kwa nini inajaribiwa kwetu kwanza anaweza kuonyeshwa tarehe tu. Marekani na Ulaya walichanjwa kwa chanjo hiyo hiyo mwaka 2022, ugonjwa ulipofika kwao. Kongo, ambako mpox ilitambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1970, ilipokea dozi zake za kwanza Kinshasa Septemba 2024.